Mgeni Asiye na Cha Kutekea

Jumapili ya Tatu ya Kwaresima, Mwaka A
(Kut 17:3-7, Rum 5:1-2, 5-8, Yn 4:5-42)



Leo, Jumapili ya tatu ya Kwaresima, Mama Kanisa anatuwekea mbele yetu habari mbili za kiu. Katika somo la kwanza, wana wa Israeli wamepiga hema jangwani, mahali pasipo na maji, na kiu imewageuza kuwa wagomvi. Wanamlaumu Musa, na Musa anamlilia Mungu akihofia kupigwa mawe na watu wake mwenyewe. Katika Injili, Yesu amechoka kwa safari, ameketi kando ya kisima cha Yakobo, karibu na mji wa Sikari, saa sita mchana, jua likiwa la utosi. Anafika mwanamke Msamaria kuteka maji, na Yesu anamwomba ampe anywe.

Mara nyingi tuisikiapo Injili hii tunakimbilia maji ya uzima anayoyaahidi Bwana, na ni haki yetu kuyakimbilia. Lakini leo tunawaombeni tukae kidogo kwenye yale maji mengine, maji ya kawaida, yanayotekwa kwa chombo na kubebwa kichwani. Hayo ndiyo Bwana wetu aliyoyaomba kwanza. Naye aliyaomba akiwa mgeni, katika nchi ya watu wengine, hana kamba wala chombo. Mwanamke yule alimwonyesha waziwazi kwamba kisima ni kirefu na yeye hana cha kutekea. Kisima hicho kipo hata leo katika mji wa Nablus, na kina chake kinapita mita 30. Mgeni wa namna hiyo aweza kukaa juu ya maji mengi akafa kwa kiu, kama mwenyeji hatamnyooshea mkono.

Ndugu zangu, sisi tunaoishi pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam hatuhitaji kufafanuliwa sana Injili hii. Tuko Mbagala na Chamazi, Tandale na Bunju; tuko pia Goba, Kimara na Kigamboni, sehemu zilizohesabiwa kuwa za Kinondoni na Temeke kabla ya wilaya mpya za Ubungo na Kigamboni kuundwa. Kwetu maji ni habari ya kila asubuhi. Jirani akikutana na jirani, baada ya kujuliana hali, swali linalofuata ni kama maji yametoka.

Habari hii si ngeni. Katika miaka ya 1960 watafiti watatu, Gilbert White, David Bradley na Anne White, walizunguka Kenya, Uganda na Tanzania wakipima maji yanayotumika majumbani, na baadhi ya nyumba walizozipima zilikuwa hapa Dar es Salaam. Miaka 30 baadaye watafiti wengine walirudi katika maeneo yale yale. Walikuta kwamba katika nyumba zenye bomba, mtu mmoja aliyekuwa akitumia wastani wa lita 128 kwa siku sasa alitumia lita 66 tu. Nako kwenye nyumba zisizo na bomba, muda wa kuhangaikia maji ulikuwa umepanda kutoka dakika 28 kwa siku hadi dakika 92. Maana yake ni kwamba watoto walihangaikia maji kuliko wazazi wao, ingawa mabomba yalikuwapo.

Kweli, tangu hapo kazi kubwa imefanyika, na mwenye haki hulipa shukrani. Mtambo wa Ruvu Chini umepanuliwa hata uweze kutoa lita milioni 270 kwa siku, na ule wa Ruvu Juu lita milioni 196. Lakini mto ni mto. Mwishoni mwa mwaka 2022 mvua zilipochelewa, kina cha Ruvu kilishuka, jiji zima likaingia katika mgao, na tajiri na maskini wakakutana kwenye foleni moja ya madumu. Mwezi Novemba mwaka huo huo maji ya visima virefu vya Kigamboni yalianza kuingizwa mjini, na mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda, linalokusudiwa kuupa mto Ruvu maji wakati wa kiangazi, ulitiwa sahihi. Hayo ni ya serikali na wataalamu, nasi tuwaombee na kuwadai kwa heshima wayatimize. Sisi leo tuseme yaliyo yetu.

Mwenyeji wa mtaa anajua mambo mengi ambayo hakufundishwa shuleni. Anajua kuwa maji ya mgao hutoka saa nane usiku, kwa hiyo hulala na sikio moja wazi. Anajua kuwa bomba likikaa kavu siku kadhaa, palipopasuka hupenya maji machafu ya ardhini, na kwamba maji ya kwanza yanayotoka, mekundu kama chai, ni ya kudekia sakafu na kumwagia vyooni. Anajua kisima kipi ni cha chumvi, kipi ni cha kufulia tu, na kipi kimechimbwa karibu mno na choo cha shimo. Anajua mwenye mkokoteni yupi hujaza madumu yake mahali safi, na yupi huyajaza popote. Elimu hii hulipiwa kwa gharama. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Kinondoni, kikaenea karibu nchi nzima, na kabla hakijatulia waliougua walikuwa wamepita 20,000. Waliokiona hawakusahau.

Lakini mgeni je? Jiji letu limejaa wageni. Kila wiki anashuka kijana kutoka Kigoma au Songea, msichana wa kazi kutoka Singida, mwanafunzi kutoka Burundi au Kongo, mtawa au mtu wa kujitolea kutoka Ulaya. Huyu wa Ulaya pengine ameonywa kabla ya safari asinywe maji ya bomba. Lakini hakuna aliyemwambia kuwa ndoo moja lazima itoshe kuoga, kufua na kusafisha choo, na kwamba maji aliyoogea hayamwagwi ovyo. Naye wa Kigoma amekulia penye chemchemi ya mlimani, aliyozoea kuinama na kunywa kwa viganja. Kwake maji yang'aayo ni maji safi. Nani atamwambia kwamba hapa maji maangavu yaweza kuwa na mauti ndani yake?

Nasi tumewahi kuwa wageni. Mwaka wa Jubilei Kuu, 2000, tulikwenda kuhiji Roma. Katika mitaa ya mji ule kuna vibomba vya chuma vilivyoanza kuwekwa mwaka 1874, na maji yake hububujika usiku na mchana bila malipo. Sisi, kwa mazoea ya kwetu, tuliyaogopa. Siku tatu tulinunua maji ya chupa kwa fedha tulizochangiwa na waamini maskini, hadi bibi kizee mmoja alipotuona na chupa zetu, akatucheka kwa upendo, akainama, akanywa mbele yetu. Basi tukanywa na sisi. Ugenini, ndugu zangu, mtu aweza kuyakimbia maji mema na kuyanywa mabaya, asipopata wa kumwambia.

Sasa tunataka kuungama jambo mbele yenu. Kwaresima ni wakati wa toba, na mhubiri naye ni mwenye dhambi kama wasikilizaji wake.

Wakati ule wa mgao wa mwaka 2022 tulikuwa tukihudumia parokia moja pembezoni mwa jiji. Parokia ilikuwa na kisima kirefu, pampu na tangi kubwa. Majirani walikuja kununua maji langoni, kwa bei ndogo ya kulipia umeme. Ili kuepuka fujo tuliweka utaratibu: lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Utaratibu ulikuwa mzuri, nasi tulijivunia.

Usiku mmoja, kama saa mbili, tukiwa mezani, tulisikia sauti langoni. Mlinzi wetu, mzee wa watu, alikuja mlangoni akasema, "Padre, kuna mama na ndoo yake. Anaomba maji ya kunywa. Anasema ana mtoto mdogo, na ni mgeni hapa mtaani."

Tulikuwa tumechoka. Jenereta lilikuwa limezimwa. Tulijibu, "Mwambie aje kesho asubuhi. Tukimfungulia mmoja, watakuja mia." Mzee akasita kidogo, kisha akasema, "Sawa, Padre," akaenda. Tukaendelea kula. Mezani palikuwa na jagi la maji lililojaa.

Siku ya tatu yake katekista alituletea habari. Katika nyumba moja ya wapangaji, mtaa wa pili, mtoto wa mwaka mmoja na nusu alikuwa amekimbizwa kituo cha afya kwa kuharisha na kutapika, macho yamedidimia. Mama yake alikuwa amehamia hapo wiki ile, akimfuata mumewe aliyepata kibarua. Usiku ule, baada ya kukosa maji langoni kwetu, aliteka kwenye kisima kifupi nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka chooni. Wapangaji wenzake wote walijua kuwa maji yale ni ya kudekia. Kila mmoja alidhani mwingine amekwisha kumwambia.

Mungu alituhurumia. Mtoto aliwahishwa, akapona. Lakini sisi hatukuweza tena kulitazama lile jagi la mezani.

Juma lililofuata tulikwenda kwake na katekista. Tulikuwa tumeandaa maneno mengi. Mama huyo ni Mwislamu. Alitupokea kwa adabu zote. "Shikamoo, Padre," akasema, akatutandikia mkeka kivulini. Tulimweleza kuwa sauti iliyomrudisha usiku ule ilikuwa yetu, wala si ya mlinzi, na tukamwomba msamaha. Alinyamaza, akamtazama mwanawe aliyekuwa akitambaa mkekani. Kisha akaingia ndani, akatoka na kikombe kilichofunikwa kwa kisahani. Akasema, "Karibu maji, Padre. Usiogope, haya nimeyachemsha."

Tukanywa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile tulielewa kwamba mgonjwa aliyehitaji kuponywa alikuwa mwenye lango.

Ndugu wapendwa, turudi kisimani Sikari. Wayahudi na Wasamaria hawakuchangia vyombo. Ndiyo maana mwanamke yule alishangaa kuombwa maji na Myahudi. Bwana wetu, ambaye kwa neno lake vyote viliumbwa, bahari na mito na mvua, alikubali kuwa mwenye shida mbele ya jirani aliyedharauliwa. Angeweza kupiga mwamba kama Musa. Hakufanya hivyo. Aliomba. Aliufanya mlango wa wokovu wa mji mzima uwe kikombe cha maji.

Tena Injili ina jambo moja ambalo tunaliacha lipite. Inatueleza mazungumzo yote, inatueleza wanafunzi waliorudi na chakula, inatueleza hata kwamba mwanamke aliuacha mtungi wake akaenda mjini kuwaita watu. Lakini haituambii mahali popote kama Yesu alipewa yale maji aliyoyaomba. Swali hilo limeachwa wazi. Inaonekana kwetu kwamba limeachwa ili tulijibu sisi. Maana siku ya mwisho, kadiri ya Injili ya Mathayo, Mfalme atataja kiu yake na ugeni wake katika hukumu ile ile moja: alipokuwa na kiu, na alipokuwa mgeni. Katika mitaa yetu mara nyingi hao wawili ni mtu mmoja, anayebisha lango moja, usiku mmoja.

Baadhi yetu watasema: maji ni mali, tumechimba kisima kwa fedha zetu. Ni kweli, na mwenye kisima anastahili kurudishiwa gharama zake. Lakini hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitufundisha kwamba kupata maji salama ya kunywa ni haki ya msingi ya kila binadamu, kwa sababu uhai wake unayategemea. Kinachogusa uhai hakiwezi kuuzwa kana kwamba ni kitambaa au sigara. Anayepandisha bei ya dumu kwa kuwa bomba la jirani limekauka, na anayejaza boza lake kwa maji asiyojua yametoka wapi, ajue kwamba anamuuzia Kristo, na pengine anamuuzia ugonjwa.

Basi tufanye nini? Tunaziomba Jumuiya Ndogondogo za Kikristo, na ninyi makatekista mnaozilea, kulichukua jambo hili katika juma hili la Kwaresima.

Kwanza, mgeni anapohamia mtaani, awe wa dini yetu au asiwe, jumuiya imtembelee katika siku zake za mwanzo. Kabla ya kumuuliza anasali wapi, tumwambie maji ya kunywa yanapatikana wapi, mgao hutoka lini, na kisima kipi asikiguse. Asiwepo wa kudhani kwamba mwingine amekwisha kumwambia.

Pili, tufundishane upya yale tunayodhani kila mtu anayajua. Maji yenye matope yaachwe yatulie, kisha yachujwe kwa kitambaa safi. Yachemshwe hata yatokote kwelikweli, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, na kungojewa nusu saa kabla ya kunywa. Yahifadhiwe katika chombo safi chenye mfuniko, na yachotwe kwa kata yenye mpini, si kwa kikombe kinachozamishwa na mkono wa kila apitaye. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kutoka chooni na kabla ya kula. Tusisahau kwamba kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi chumvi wala kemikali. Dumu lililokuwa na dawa za viwandani lisitiliwe maji kamwe. Mtoto akiharisha, asinyimwe maji. Apewe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari visivyo na kichuguu, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, naye apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Tatu, kila penye tangi, iwe parokia, shule, nyumba ya watawa au nyumba ya mwamini aliyejaliwa, pawe na dumu moja lisilouzwa. Sisi tuliliweka langoni, limejaa maji yaliyochemshwa, pamoja na kikombe, na mlinzi akaruhusiwa kutoa bila kuuliza wakati wowote wa usiku. Hawakuja mia, kama tulivyohofia. Usiku mwingine alikuja mmoja, usiku mwingine hakuja mtu. Haba na haba hujaza kibaba, na Bwana amesema wazi kwamba hata kikombe kimoja cha maji ya baridi hakitakosa thawabu yake.

Katika Misa Takatifu, padre anapoandaa kikombe, humimina tone la maji ndani ya divai. Tone hilo ni dogo sana, na likiisha kuingia halionekani tena. Tangu siku ile kikombe chake kilipowekwa mikononi mwetu, kila tunapomimina tone hilo tunamkumbuka mama yule, na ndoo yake tupu langoni.

Wana wa Israeli walipokosa maji waliuliza kama Mungu yupo kati yao au hayupo. Jirani yetu mwenye kiu anauliza swali lile lile akiwa amesimama nje ya lango letu. Tujiulize leo: kesho asubuhi, atakapopita na ndoo yake, atapata jibu gani?

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyeketi umechoka kando ya kisima, ukaomba maji kwa mwanamke mgeni kwako, utuondolee moyo wa kufunga malango. Uwalinde watoto wetu na maradhi ya maji machafu. Uwape hekima na uaminifu wale waliokabidhiwa mito, mitambo na mabomba. Na pale utakapokuja kwetu usiku, huna cha kutekea, utukute macho. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!